Sukari na mafuta katika mlo wa kila siku: Wananchi wa Rungwe waanze na chakula kilichopo shambani

Na Mwandishi Wetu, Tukuyu

Wilaya ya Rungwe mkoani Mbeya ni miongoni mwa maeneo ya Nyanda za Juu Kusini yaliyojaliwa chakula kingi. Udongo wa volkano na mvua za kutosha hustawisha ndizi, viazi mviringo, magimbi, mahindi, maharage na parachichi, sambamba na mazao ya biashara ya chai na kahawa. Kaya nyingi hufuga ng'ombe wa maziwa. Kutoka wilaya jirani ya Kyela hupanda mchele, mafuta ya mawese pamoja na samaki na dagaa wa Ziwa Nyasa. Mwananchi anayeingia katika soko la Tukuyu, Kiwira au Isongole hukuta karibu kila kundi la chakula ambalo wataalamu wa lishe wanalitaja.

Pamoja na neema hiyo, wingi wa chakula peke yake hauleti mlo kamili. Mazao bora huuzwa ili kaya ipate fedha za ada, mbolea na mahitaji mengine, na sehemu ya fedha hizo hurudi mezani kwa sura nyingine: sukari ya chai, soda, maandazi, chapati, chipsi na mafuta ya kupikia. Parachichi huondoka kwa lori, na mafuta ya kukaangia huingia kwa dumu. Maziwa hupelekwa kwenye kituo cha kukusanyia, na mtoto hunywa chai ya rangi yenye vijiko vitatu vya sukari.

Makala hii inaeleza jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta, viwango vinavyopendekezwa kwa siku, na namna kaya ya Rungwe inavyoweza kupima na kusawazisha vitu hivyo viwili bila kuongeza gharama ya chakula.

Ukubwa wa tatizo

Utafiti wa kitaifa wa viashiria hatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulibaini kuwa takriban asilimia 9 walikuwa na kiwango kikubwa cha sukari katika damu. Takriban asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na kiasi kama hicho walikuwa na uzito uliozidi. Kwa maneno mengine, katika kila watu wazima 11, mmoja alikuwa na dalili ya kisukari katika damu yake, na wengi wa watu wa namna hiyo huwa hawajui, kwa sababu ugonjwa huu unaweza kukaa miaka kadhaa bila maumivu yoyote.

Wakati huohuo, utapiamlo wa watoto haujaisha. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa Iringa kwa asilimia 56.9, Njombe kwa asilimia 50.4 na Rukwa kwa asilimia 49.8. Yote mitatu ipo katika ukanda uleule wa Nyanda za Juu Kusini unaolisha sehemu kubwa ya nchi. Takwimu hizo zinathibitisha kuwa ghala lililojaa haliwezi kuwa kipimo cha lishe ya kaya.

Ndiyo maana katika familia moja anaweza kupatikana mtoto aliyedumaa na mzazi mwenye uzito uliozidi. Wote wawili wanakula chakula kinachojaza tumbo. Mtoto anakosa protini, mafuta mazuri, vitamini na madini, wakati mzazi anapata nishati nyingi kuliko kazi anayoifanya. Chanzo cha matatizo yote mawili mara nyingi ni sahani iliyojaa wanga na sukari huku vyakula vya makundi mengine vikiwa vichache.

Sukari inavyofanya kazi mwilini

Mwili hubadili chakula kuwa nishati na kuwa malighafi ya kujenga viungo. Kazi hiyo, ambayo wataalamu huiita umetaboli, hufanyika saa zote, hata mtu anapolala. Wanga uliomo katika ugali, wali, viazi na ndizi humeng'enywa na kuwa glukosi, aina ya sukari inayoingia katika damu. Sukari ya mezani ni mchanganyiko wa glukosi na fruktosi kwa kiasi kinacholingana.

Glukosi inapoongezeka katika damu, kongosho hutoa homoni ya insulini. Kazi ya insulini ni kuruhusu glukosi iingie katika misuli na viungo vingine ili itumike. Kiasi kinachobaki huhifadhiwa katika ini na misuli kama akiba ya muda mfupi. Akiba hiyo ina kikomo. Ikijaa, ziada hugeuzwa kuwa mafuta na kuwekwa chini ya ngozi, tumboni na ndani ya ini. Fruktosi inayozidi hushughulikiwa zaidi na ini, na sehemu yake hugeuzwa kuwa mafuta hapo hapo.

Mafuta yanaporundikana katika ini na misuli, viungo hivyo huanza kuitikia insulini kwa shida. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi kufanya kazi ileile. Hali hiyo inaweza kuendelea kwa miaka mingi, hadi kongosho lishindwe kumudu na sukari ianze kubaki juu katika damu. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kupata kisukari cha aina ya pili, aina inayowapata watu wengi zaidi. Kisukari cha aina ya kwanza, ambacho mara nyingi huanza utotoni au ujanani, hutokana na kinga ya mwili kuharibu chembe zinazotengeneza insulini, na hakisababishwi na ulaji.

Kasi ya sukari kuingia katika damu nayo ni muhimu. Chakula chenye nyuzinyuzi, ambazo wataalamu huziita pia makapimlo, humeng'enywa polepole. Protini na mafuta vilevile huchelewesha chakula kutoka tumboni. Kwa hiyo magimbi yaliyoliwa pamoja na maharage na mboga za majani hupandisha sukari ya damu taratibu kuliko chai tamu na andazi la unga mweupe, hata kama vyote viwili vimemshibisha mlaji kwa saa hiyo.

Mafuta yana kazi na yana mipaka

Mafuta yamepewa sifa mbaya kupita kiasi katika mazungumzo mengi ya afya. Mwili hauwezi kuishi bila mafuta. Yanajenga kuta za chembe hai, yanatumika kutengeneza homoni, na yanausaidia mwili kufyonza vitamini A, D, E na K. Mboga za majani zilizopikwa bila tone la mafuta, au kuliwa bila chakula kingine chenye mafuta, hutoa vitamini A kidogo kuliko inavyotarajiwa. Kwa mtoto mchanga mafuta ni muhimu zaidi: karibu nusu ya nishati iliyomo katika maziwa ya mama hutokana na mafuta.

Tofauti ipo katika kiasi na aina. Gramu moja ya mafuta hutoa kilokalori 9, wakati gramu moja ya sukari au wanga hutoa kilokalori 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120, na ni rahisi kuongeza vijiko vitatu katika sufuria bila kuona tofauti.

Kuhusu aina, mafuta yanayoelekea kuganda katika joto la kawaida, kama yale ya nyama, siagi, samli na nazi, hupandisha lehemu mbaya katika damu, ambayo huchangia kuziba kwa mishipa ya moyo na ubongo. Mawese yapo katikati: mawese mekundu yana viini vinavyogeuzwa kuwa vitamini A mwilini, lakini karibu nusu ya mafuta yake ni ya aina hiyo inayoganda. Wakazi wa Tukuyu huliona jambo hili kwa macho, kwani katika miezi ya baridi mawese huganda ndani ya chupa, wakati mafuta ya alizeti hubaki yakimiminika. Alizeti, karanga, parachichi na samaki wana sehemu kubwa zaidi ya mafuta yanayofaa kwa moyo.

Kundi lililo hatari kuliko yote ni mafuta yaliyogandishwa viwandani kwa kuongezewa haidrojeni kwa kiasi, ambayo yanaweza kupatikana katika baadhi ya majarini, biskuti na vyakula vya kuoka. Mlaji anashauriwa kusoma lebo kabla ya kununua. Aidha, mafuta ya kukaangia yanayotumiwa tena na tena hadi yakawa meusi, mazito na yenye harufu kali yamekwisha kuharibika na hayafai kuendelea kutumika. Wauzaji wa chipsi, maandazi na samaki wana wajibu wa kuyabadilisha kwa wakati, na mnunuzi ana haki ya kuyatazama kabla ya kuagiza.

Viwango vinavyopendekezwa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kuwa sukari inayoongezwa katika chakula na vinywaji isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na kwamba kushuka hadi chini ya asilimia 5 kunaleta manufaa zaidi. Katika hesabu hiyo huingia pia sukari ya asali na ya juisi ya matunda, hata juisi iliyokamuliwa nyumbani. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima na ile ya asili katika maziwa haihesabiwi.

Kwa mtu mzima anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, asilimia 10 ni gramu 50, sawa na vijiko 12 vya chai vilivyosawazishwa. Asilimia 5 ni vijiko sita. Kijiko kilichojazwa kikafanya kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kijiko kilichosawazishwa, hivyo anayesema anaweka vijiko viwili huenda anaweka vinne.

Kwa upande wa mafuta, WHO inapendekeza yasizidi asilimia 30 ya nishati ya siku, na yale yanayoganda yasizidi asilimia 10. Kwa mtu huyohuyo wa kilokalori 2,000, mafuta yote ya siku hayapaswi kuzidi takriban gramu 67, na yanayoganda takriban gramu 22. Mahitaji huongezeka kwa mtu anayefanya kazi nzito na hupungua kwa anayekaa muda mrefu.

Sasa mfano wa siku ya kawaida. Mtu anakunywa kikombe cha chai asubuhi na kingine jioni, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vya sukari. Hizo ni gramu 24. Mchana ananunua soda ya mililita 350 ambayo, kwa gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, inamwongezea gramu 35. Jumla ni gramu 59, na tayari amevuka kiwango kabla ya kuhesabu sukari iliyomo katika maandazi au keki. Akibadilisha soda kwa maji, na kushusha sukari ya chai hadi kijiko kimoja kwa kikombe, anabaki na gramu 8 tu.

Kaya ipime kwa tarehe

Si rahisi kwa familia kupima gramu kila siku. Ipo njia nyepesi inayohitaji kalamu tu: andika tarehe juu ya mfuko wa sukari na juu ya chupa ya mafuta siku ya kufungua, kisha angalia vimekwisha lini.

Tuchukue kaya ya watu watano. Kilo moja ya sukari ikiisha kwa siku nne, kila mtu amepata wastani wa gramu 50 kwa siku. Hicho ni kikomo cha juu kwa mtu mzima, na ni zaidi ya kikomo kwa mtoto, kwani mtoto anayehitaji kilokalori 1,300 hapaswi kuzidi takriban gramu 32. Hapo soda, juisi na biskuti zinazoliwa nje ya nyumba hazijahesabiwa. Kilo hiyo ikikaa siku nane, wastani unashuka hadi gramu 25, yaani kiwango kile cha vijiko sita. Ikikaa zaidi ya hapo, kaya inafanya vizuri zaidi.

Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa takriban gramu 920. Ikiisha kwa siku nne katika kaya hiyohiyo, kila mtu amekula gramu 46 kwa siku kutoka kwenye chupa peke yake. Akiongeza nusu parachichi yenye gramu 15 za mafuta na kikombe cha maziwa chenye gramu 8, anafika gramu 69 na kuvuka kikomo kabla ya kugusa nyama, karanga au chipsi za mtaani. Lita hiyo ikikaa siku 10, mafuta ya chupa yanakuwa gramu 18 kwa mtu, na nafasi inapatikana kwa parachichi, maziwa na samaki, ambavyo huleta virutubisho vingi zaidi ya mafuta.

Kipimo hiki kina faida ya pili, ambayo ni fedha. Kaya inayorefusha muda wa mfuko wa sukari kutoka siku nne hadi nane inapunguza nusu ya gharama ya sukari ya mwezi. Fedha hiyo inatosha kununua mayai, dagaa au matunda.

Sahani kutoka shamba la Rungwe

Mwongozo wa Kitaifa wa Chakula na Ulaji kwa Tanzania Bara, uliotolewa mwaka 2023, unamhimiza mwananchi kula vyakula mchanganyiko: nafaka, mizizi na ndizi, mbogamboga, matunda, jamii ya kunde, karanga na mbegu, vyakula vyenye asili ya wanyama, na mafuta yanayofaa kwa kiasi. Katika Rungwe makundi hayo hayahitaji kutafutwa mbali.

Ndizi ndiyo chakula kikuu cha Wanyakyusa, na hupikwa kwa namna nyingi, ikiwemo mbalaga. Ndizi mbichi ina wanga zaidi kuliko sukari, na kadiri inavyoiva wanga huo hugeuka kuwa sukari. Ndizi iliyochemshwa au kupikwa pamoja na maharage, nyanya, vitunguu na kiasi kidogo cha mafuta ni mlo mzuri. Ndizi hiyohiyo ikizamishwa katika karai la mafuta hubeba nishati nyingi zaidi kwa ujazo uleule. Hali ni hiyo hiyo kwa viazi mviringo: vikichemshwa ni chakula cha wanga cha kawaida, vikiwa chipsi ni chakula cha mafuta.

Parachichi ni hazina ambayo wakulima wengi huitazama kama bidhaa ya kuuza tu. Gramu 100 za parachichi, sawa na nusu ya tunda la wastani, zina takriban kilokalori 160, gramu 15 za mafuta ambayo sehemu yake kubwa ni ya aina inayofaa kwa moyo, karibu gramu 7 za nyuzinyuzi na chini ya gramu moja ya sukari. Matunda ambayo mnunuzi ameyakataa kwa sababu ya ukubwa au mabaka ya ganda yana lishe ileile. Parachichi lililopondwa linaweza kupakwa juu ya mkate au kiazi badala ya siagi, au kuchanganywa katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi sita. Kwa kuwa nalo ni chakula cha mafuta, anayelila apunguze mafuta ya kupikia katika mlo huohuo.

Maziwa ya ng'ombe huleta protini na madini ya kalisi. Kaya inayouza maziwa inashauriwa kutenga kwanza sehemu ya watoto, mama wajawazito na wanaonyonyesha, kisha kuuza yanayobaki. Mtindi usioongezwa sukari ni chaguo zuri kwa watu wazima. Maharage, ambayo hulimwa sana wilayani, yana protini na nyuzinyuzi na bei yake ni nafuu kuliko nyama. Unga wa dona hubaki na pumba na kiini cha mahindi, ambavyo huondolewa katika sembe.

Chai haina kosa. Chai isiyo na sukari haina nishati inayofikia hata kuhesabiwa, na mwananchi wa Rungwe anaweza kufurahia ladha ya zao la wilaya yake bila kuizima kwa sukari. Anayeona ugumu wa kuacha ghafla apunguze nusu kijiko kila wiki, kwani ulimi huzoea. Tangawizi, iliki au mchaichai husaidia kuongeza ladha. Inashauriwa pia chai isinywewe pamoja na mlo mkuu bali walau saa moja kabla au baada, kwa kuwa hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma, jambo muhimu kwa mama mjamzito.

Kwa mfano, siku moja inaweza kupangwa hivi. Asubuhi: magimbi au viazi vitamu vya kuchemsha, yai, nusu parachichi na chai yenye kijiko kimoja cha sukari au bila sukari. Mchana: ndizi zilizopikwa na maharage, majani ya maboga na kipande cha papai au chungwa. Jioni: ugali wa dona, dagaa au samaki wa Ziwa Nyasa, mboga za majani na kikombe cha mtindi. Katika siku hiyo mboga na matunda vinapaswa kufika walau gramu 400 kwa mtu mzima, na nafaka, mizizi au ndizi zisijaze sahani yote.

Mlo ulingane na kazi

Mchumaji wa chai anayepanda na kushuka vilima akiwa na kikapu mgongoni, au mkulima anayelima kwa jembe la mkono, anahitaji nishati nyingi kuliko mtumishi wa ofisini, muuza duka au dereva wa bodaboda anayekaa juu ya pikipiki kutoka asubuhi hadi jioni. Tatizo huanza pale mtu anapobadili kazi bila kubadili sahani. Kijana aliyelelewa shambani, aliyezoea kula ugali mkubwa kwa sababu alikuwa analima, akihamia katika kazi ya kukaa na kuendelea kula kiasi kilekile, ziada yote itawekwa tumboni.

WHO inapendekeza mtu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kama kutembea kwa haraka. Misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka katika damu kwa urahisi zaidi, hivyo hata matembezi ya dakika 15 baada ya chakula yana faida. Pombe nayo ihesabiwe, iwe ya kiwandani au ya kienyeji, kwa sababu kila gramu ya kilevi ina kilokalori 7.

Dhana zinazopaswa kusahihishwa

Baadhi ya wananchi huamini kuwa asali inaweza kutumiwa bila kipimo kwa kuwa ni ya asili. Mwilini asali huhesabiwa kama sukari nyingine. Wapo wanaoogopa parachichi na karanga wakidhani zina lehemu. Lehemu hupatikana katika vyakula vya asili ya wanyama pekee, mimea haina. Kwa sababu hiyohiyo, maandishi ya "haina lehemu" juu ya dumu la mafuta ya mimea hayaonyeshi kuwa mafuta hayo ni bora kuliko mengine ya mimea.

Wapo pia wanaoamini kuwa mgonjwa wa kisukari hapaswi kula ndizi, wali wala matunda. Mgonjwa anaweza kula vyakula hivyo kwa kiasi alichoelekezwa, pamoja na mboga na protini. Jambo la hatari ni kuacha dawa kwa kuamini kuwa mlo pekee au mitishamba imemponya. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asibadili mlo kwa ghafla bila ushauri, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Mwenye ugonjwa wa figo naye apate ushauri wa mtaalamu kabla ya kuongeza ndizi na parachichi, kwa kuwa zina madini mengi ya potasiamu.

Kwa watoto, maziwa ya mama pekee yanatosha kwa miezi sita ya mwanzo. Baada ya hapo mtoto aendelee kunyonya na apewe vyakula mchanganyiko, bila soda, juisi za viwandani wala chai yenye sukari. Ladha anayozoea mtoto katika miaka miwili ya mwanzo humfuata ukubwani.

Kupima mapema

Kiuno ni kipimo ambacho kila mtu anaweza kukichukua nyumbani kwa utepe wa fundi cherehani. Hatari huanza kuongezeka mwanamume anapozidi sentimita 94 na mwanamke anapozidi sentimita 80, isipokuwa kwa mjamzito. Katika kituo cha huduma, sukari ya damu hupimwa kwa tone la damu. Kwa mtu ambaye hajala usiku kucha, kiwango cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi huashiria kisukari na hutakiwa kuthibitishwa. Kati ya 6.1 na 6.9 ni onyo kuwa mwili umeanza kuelemewa, na katika hatua hiyo mabadiliko ya mlo, mazoezi na kupunguza uzito yanaweza kuzuia au kuchelewesha ugonjwa.

Kuchelewa kuna gharama kubwa. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu macho, figo, mishipa ya fahamu na ya damu, na huweza kusababisha upofu, kiharusi au kukatwa mguu. Mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine mara mbili hadi tatu kwa wiki. Kutoka Tukuyu hadi Jiji la Mbeya, iliko Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ni mwendo wa takriban kilomita 70. Kaya inayolazimika kwenda na kurudi kila wiki hupoteza nauli, siku za kazi na mara nyingi mtaji wa shamba.

Serikali imeliweka suala la lishe katika mipango yake ya kitaifa. Mpango Jumuishi wa Taifa wa Lishe wa Awamu ya Pili wa mwaka 2021/22 hadi 2025/26 unashughulikia upungufu wa lishe pamoja na lishe iliyozidi. Mwaka 2022 wakuu wa mikoa walitia saini mikataba ya lishe jijini Dodoma mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, na utekelezaji wake hufuatiliwa hadi ngazi ya halmashauri, kata na kijiji. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (TFNC), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, huandaa miongozo na elimu inayotumiwa na maafisa lishe.

Wananchi wanahimizwa kutumia zahanati na vituo vya afya vilivyo karibu nao kupima uzito, kiuno, shinikizo la damu na sukari, walau mara moja kwa mwaka kwa wenye umri wa miaka 40 na zaidi, na mapema zaidi kwa wenye uzito uliozidi au ndugu wa damu wenye kisukari. Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji hutoa fursa ya kupata elimu ya lishe na kupima watoto, na maafisa lishe wa halmashauri wanapatikana kwa ushauri. Kabla ya safari hiyo, kila kaya inaweza kuanza leo kwa kuandika tarehe juu ya mfuko wa sukari na chupa ya mafuta, na kutenga sehemu ya parachichi, maziwa na maharage kwa ajili ya familia kabla ya gari la mnunuzi kufika.